Almasi za rangi za mitaani: Mnunuzi alipie urembo, asilipie akiba

MJI wa Tunduma haulali. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, shilingi na kwacha hubadilishwa pembeni mwa barabara, na mzigo ulionunuliwa Kariakoo juzi huonekana mezani leo. Katika meza hizo, jirani na mikanda, miwani na makava ya simu, hupangwa pete, hereni, mikufu na bangili zenye mawe yanayometameta kwa rangi za pinki, njano, bluu na kijani.

Bidhaa hiyo ni halali na ina wateja wake. Binti anayejiandaa kwa sendoff, mama anayekwenda kwenye kipaimara cha mwanawe, kijana anayetafuta zawadi ya mchumba, wote hupata kitu cha kuwapendeza kwa elfu chache. Hakuna anayeibiwa hapo, kwa sababu kila mmoja anajua anachonunua.

Tatizo huanza pale jiwe lile lile linapoondolewa mezani, likafungwa kwenye kitambaa na kupewa jina jipya la "almasi ya rangi". Bei hupanda kutoka maelfu hadi mamilioni, na mteja anayetafutwa si binti wa sendoff tena. Anayetafutwa ni mkulima wa kahawa wa Mbozi, wa ufuta au mpunga wa Momba, ama wa mahindi wa Ileje, ambaye ndiyo kwanza amelipwa fedha za msimu na anafikiria namna ya kuzihifadhi zisiyeyuke kabla ya kilimo kingine. Huyo haambiwi kuwa jiwe ni zuri. Anaambiwa kuwa ni akiba, kwamba akilitunza miaka miwili litamjengea nyumba.

Kwa mkulima mwenye mapato ya mara moja kwa mwaka, kosa hilo halifutiki kwa mauzo ya wiki ijayo. Likitokea, mbolea imekwenda, ada ya shule imekwenda, na msimu mzima unaofuata utalimwa kwa mkopo. Ndiyo maana elimu ya kutambua na kuthamini mawe haya si jambo la masonara na matajiri peke yao. Msingi wa elimu hiyo ni mmoja: kipimo cha mtaani kinaweza kumwambia mnunuzi aache, lakini hakiwezi hata siku moja kumwambia anunue.

Kwa nini uongo huu huaminika

Uongo unaouzika hujengwa juu ya ukweli, na katika suala hili ukweli upo. Tanzania ni nchi ya almasi za rangi. Mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, uliogunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, ulitoa mwaka 1947 almasi ya pinki ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo huo, na baada ya kuchongwa jiwe hilo lilibaki na karati 23.6.

Oktoba 2022, almasi nyingine ya pinki iliyochongwa kutokana na jiwe la Mwadui, yenye karati 11.15, iliuzwa katika mnada wa Sotheby's huko Hong Kong kwa Dola za Marekani milioni 57.7. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo ni zaidi ya Sh130 bilioni. Ikumbukwe kuwa karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, hivyo jiwe hilo zima lilikuwa na uzito wa gramu 2.23 tu.

Habari ya namna hiyo ikifika kijijini hufika nusu. Watu husikia bei, hawasikii safari. Hawasikii kuwa jiwe lilitoka kwenye mgodi unaojulikana, likapimwa na maabara, likaandikiwa cheti na kuuzwa mbele ya wanunuzi waliokuwa na wataalamu wao. Hawasikii pia kuwa bei ilikuwa kubwa kwa sababu mawe kama hayo karibu hayapo. Mgodi wa Argyle huko Australia, uliokuwa ukitoa zaidi ya asilimia 90 ya almasi za pinki duniani, ulifungwa mwaka 2020. Kitu adimu kiasi hicho hakiwezi kukutwa kwenye pete 12 zinazofanana ukubwa na rangi, zikiwa zimepangwa kwenye boksi moja.

Aidha, Songwe nao ni mkoa wa madini. Dhahabu huchimbwa wilayani Songwe na wachimbaji wadogo pamoja na mgodi wa New Luika, kwa hiyo mtu anayesema jiwe lake limetoka machimboni hasikiki kama mwendawazimu. Hata hivyo, kuwepo kwa dhahabu si ushahidi wa kuwepo kwa almasi. Dhahabu ya huko hukaa kwenye mishipa ya mawe ya kwatzi, wakati almasi ya Mwadui ilipandishwa juu na mwamba wa aina nyingine kabisa uitwao kimbalaiti. Mkulima anajua kuwa shamba linalostawisha kahawa si lazima listawishe mpunga. Miamba nayo ina tabia zake.

Mawe ya aina tatu chini ya jina moja

Neno "feki" limewachanganya wengi, kwa sababu linaficha vitu vitatu tofauti ambavyo bei zake hazikaribiani.

Kundi la kwanza ni mawe bandia, yaani yale yanayofanana na almasi kwa macho tu. Humo kuna kioo kilichochongwa, ambacho mara nyingi hupakwa rangi ya fedha mgongoni ili kirudishe mwanga. Kuna zirkonia, jiwe la kiwandani lililoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1976, ambalo hupewa karibu rangi yoyote kwa kuchanganya viini vidogo vya madini mengine linapoyeyushwa. Zirkonia ndiyo inayotawala meza nyingi za vipambo, na bei yake ni ndogo mno. Kuna pia moisanaiti, ambayo ni ghali kuliko zirkonia na ni ngumu zaidi kuitambua. Watu wa Mbozi, wenye kimondo chao pale Ndolezi, watapenda kujua kuwa moisanaiti ya asili iligunduliwa mwaka 1893 katika mabaki ya kimondo kilichoanguka Arizona, Marekani. Mgunduzi alikuwa Mfaransa Henri Moissan, ambaye jiwe lilipewa jina lake. Inayouzwa leo madukani hutengenezwa maabara, na iliingia sokoni mwaka 1998.

Kundi la pili ni almasi za maabara. Hizi si bandia kwa maana ya kwanza, kwani zimeumbwa kwa kaboni ile ile na zina ugumu ule ule. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kuwa imefaulu kuzitengeneza, na sasa hutoka viwandani kwa wingi, zikiwemo za pinki, njano na bluu. Mwaka 2018 kampuni ya De Beers ilianza kuuza vipambo vya almasi za maabara, za pinki na bluu zikiwemo, kwa Dola 800 kwa karati, halafu mwaka 2025 ikatangaza kuwa inaifunga biashara hiyo. Katika miaka hiyo bei ya almasi za maabara duniani iliporomoka vibaya, kwa sababu kiwanda kikitaka mawe zaidi huongeza mashine. Aliyeinunua kama akiba alishuhudia akiba yake ikishuka kila mwaka.

Kundi la tatu ni almasi za asili zilizobadilishwa rangi kwa mionzi, kwa joto kali au kwa kupakwa tabaka jembamba la rangi. Jiwe ni la kweli, lakini rangi si ya kuzaliwa nayo, na katika almasi za rangi sehemu kubwa ya bei iko kwenye asili ya rangi hiyo.

Kwa mfano rahisi, kundi la kwanza ni samaki wa kuchongwa kwa mti, la pili ni samaki wa bwawa la kufugia, na la tatu ni samaki wa ziwani aliyepakwa rangi ili aonekane wa aina nyingine. Anayeuza yeyote kati ya hao kwa jina lake hana kosa. Kosa ni kuwauza wote kwa bei ya sato wa ziwani aliyevuliwa alfajiri.

Vipimo vya mtaani na mipaka yake

Yapo majaribio machache ambayo mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Yana faida, mradi mipaka yake ieleweke.

La kwanza ni la pumzi. Jiwe likiwa safi na kavu hupuliziwa pumzi ya kinywa kama mtu anayefuta miwani. Almasi hupitisha joto haraka, hivyo ukungu huondoka mara moja. Kwenye kioo na zirkonia ukungu hukawia. Ukikawia, mnunuzi aache. Lakini ukiondoka haraka bado hajapata jibu, kwa kuwa moisanaiti nayo huondoa ukungu upesi, na almasi ya maabara hufanya hivyo sawasawa na ya asili.

La pili ni la gazeti. Jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete hulazwa kifudifudi juu ya maandishi, upande bapa ukiwa chini. Almasi iliyochongwa vizuri hupinda mwanga kiasi kwamba herufi hazisomeki. Kioo na topazi huonyesha herufi au vivuli vyake. Zirkonia huzivuruga zaidi kuliko kioo, na moisanaiti huzificha kabisa. Hivyo jaribio hili huwakamata wezi wadogo tu.

La tatu ni la lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ile ambayo masonara hutumia. Ndani ya kioo mara nyingi huonekana viputo vya hewa, na kingo za nyuso zake huwa zimelika na kuwa butu. Kingo za almasi hubaki kali. Kwenye moisanaiti, mtu akiangalia kwa pembeni kupitia juu ya jiwe, mistari ya upande wa nyuma huonekana miwili miwili. Jiwe lililopakwa rangi huonyesha mikwaruzo ambamo rangi imebanduka, hasa kingoni. Lenzi itumike pia kutazama chuma kinachoshika jiwe. Hakuna sonara mwenye akili timamu anayebandika almasi ya mamilioni kwa gundi. Jiwe lililogandishwa kwa gundi kwenye pete ya bati iliyochovywa rangi ya dhahabu limekwisha kujieleza.

La nne ni la uzito. Zirkonia ni nzito kuliko almasi ya ukubwa ule ule kwa zaidi ya mara moja na nusu. Almasi ya duara yenye upana wa milimita 6.5 huwa na karibu karati moja, wakati zirkonia ya upana huo hukaribia karati 1.7. Mkulima haoni ajabu hapo, kwani anajua debe la mchanga halilingani na debe la pumba. Hata hivyo, mzani wa kupimia ni wa gramu ndogo kama wa wanunuzi wa dhahabu, na jiwe liwe limetolewa kwenye pete. Topazi nayo ina uzito unaokaribia sana ule wa almasi, kwa hiyo mzani peke yake haumalizi shauri.

La tano ni la kifaa cha umeme chenye ncha kama kalamu, kinachopima namna jiwe linavyopitisha joto. Muuzaji hukigusisha kwenye jiwe, taa zikapanda na sauti ikalia, mteja akashangilia. Vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kutofautisha almasi na moisanaiti, na hakuna hata kimoja kati yake kinachotofautisha almasi ya asili na ya maabara. Mlio huo haujasema lolote kuhusu bei.

Lipo jaribio jingine linalopendwa na matapeli, nalo ni kukwaruza kioo cha dirisha. Jiwe hukwaruza, alama hubaki, na mnunuzi hufungua pochi. Katika kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, almasi iko ya 10, moisanaiti juu kidogo ya 9, zirkonia na topazi kwenye 8 na zaidi kidogo, kwatzi 7, na kioo cha dirisha kati ya 5 na 6. Maana yake ni kwamba hata kwatzi, jiwe linalookotwa njiani, litakwaruza kioo hicho. Jaribio hilo halithibitishi chochote, na linaweza kuharibu jiwe zuri la mtu.

Wanunuzi wa nafaka hutumia bambo. Huchomwa kwenye gunia ili kuona kilichomo katikati, kwa sababu juu ya gunia kila mtu hupanga punje nzuri. Vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu vinaishia juu ya gunia. Bambo la almasi ya rangi ni maabara. Maabara zinazoaminika kama GIA hutoa ripoti yenye namba, na namba hiyo huhakikiwa kwenye tovuti yao. Ripoti hiyo hueleza kama jiwe ni la asili au la maabara na kama rangi yake ni ya asili au imetiwa. Karatasi yenye muhuri unaong'aa ambayo namba yake haihakikiki popote ni karatasi tu.

Kipambo cha fasheni kithaminiwe vipi

Kuthamini ni kujibu swali moja: mwingine atalipa kiasi gani kwa kitu hiki leo? Kwa kipambo cha fasheni jibu halitoki kwenye jiwe. Linatoka kwenye madini ya pete au mkufu, ubora wa kazi, mtindo unaopendwa wakati huo, na hali ya kitu chenyewe. Alama ya 925 husema ni fedha, na 750 husema ni dhahabu ya karati 18, lakini alama nazo hugongwa na yeyote, hivyo sonara athibitishe. Hapa pia msamiati umewapoteza wengi: karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, na karati ya jiwe ni kipimo cha uzito.

Mathalani, mkulima amelipa Sh2 milioni kwa pete aliyoambiwa ni ya almasi ya pinki, kumbe ni zirkonia kwenye fedha. Akiipeleka kwa sonara, sonara atapima chuma na kuliweka jiwe pembeni. Akipewa Sh40,000, amepoteza asilimia 98 ya fedha yake tangu siku aliyonunua. Bei ya kahawa hupanda na kushuka na wakulima hulalamika kwa haki, lakini hakuna mwaka ambao kahawa ilishuka kiasi hicho kati ya asubuhi na jioni.

Kwa mfanyabiashara mdogo hesabu ni nyingine, na ni ya kutia moyo. Kwa mfano wa hesabu tu, mama mwenye meza ananunua dazeni tano za pete za zirkonia kwa Sh18,000 kila dazeni, jumla Sh90,000. Nauli na usafirishaji ni Sh30,000, ushuru na gharama za meza Sh15,000. Mtaji wote ni Sh135,000. Kati ya pete 60, sita zitapotea, zitang'oka jiwe au zitadoda, hivyo zinazouzika ni 54. Kila moja imemgharimu Sh2,500. Akiuza kwa Sh4,000 atapata Sh216,000, faida Sh81,000. Mzigo huo unaweza kurudiwa mwezi ujao na mwingine, kwa wateja wale wale, kwa sababu hakuna aliyedanganywa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mama huyu linasomeka.

Wapo watakaosema kuwa kuandika "jiwe bandia" mezani kutafukuza wateja. Hofu hiyo haina msingi. Mteja anayetaka pete ya Sh4,000 hajawahi kudhani ananunua almasi. Anayefukuzwa na maandishi hayo ni tapeli, ambaye humwibia mama wa meza mara mbili: kwanza humchukulia bidhaa na kuipa jina la uongo, halafu humwachia sifa mbaya. Kesi moja ya mkulima aliyelizwa ikisikika gulioni, meza zote za vipambo hutazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Mfanyabiashara azingatie pia usalama wa chuma. Vipambo vya bei ya chini kabisa vinaweza kuwa na nikeli inayowasha ngozi, au risasi na kadimiamu ambazo ni sumu, hasa kwa watoto wenye tabia ya kutia vitu mdomoni. Kumuuliza muuzaji wa jumla chuma gani kimetumika ni sehemu ya kuthamini mzigo.

Sheria ipo, milango ifunguliwe

Sheria za nchi hazikatazi kuuza zirkonia. Zinakataza kudanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Kwa upande wa madini halisi, anayefanya biashara ya kuyanunua na kuyauza anatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Madini, na tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani ili biashara hiyo ifanyike hadharani. Almasi ghafi ina ulinzi wa ziada. Tangu mwaka 2003, chini ya Mpango wa Kimberley ambao Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama, haivuki mpaka bila cheti cha Serikali na kifungashio kilichofungwa rasmi. Hivyo mtu anayenong'ona Tunduma kwamba ana almasi ya Kongo mfukoni, ama anauza kioo, ama anauza magendo. Katika hali zote mbili mnunuzi hatabaki salama.

Hata hivyo, sheria iliyo mbali haimsaidii mkulima aliyesimama gulioni na tapeli pembeni yake. Lingefaa jambo dogo na la bei nafuu: Halmashauri ya Mji wa Tunduma, kwa kushirikiana na ofisi ya afisa madini mkazi wa mkoa, iweke siku maalumu kila wiki katika msimu wa mauzo, ambapo mtu yeyote ataweza kupeleka jiwe na kuambiwa bure kama ni kioo, zirkonia au jiwe linalostahili kupelekwa mbele zaidi. Lenzi, mzani mdogo na mtu mmoja aliyefunzwa vingetosha kuanzia. Kituo cha Jemolojia Tanzania kipo Arusha, na kijana mmoja au wawili wa Songwe wakipata mafunzo ya huko watarudi na ujuzi utakaotumika kwa miaka. Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, navyo vinapowakutanisha wakulima kwa ajili ya malipo vitumie dakika 10 kuwaonya. Kama Wakala wa Vipimo umeweza kusimama kidete dhidi ya lumbesa, udanganyifu wa mawe nao uhesabiwe kuwa lumbesa nyingine, ila ya mnunuzi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima ana kinga yake mwenyewe, na haina gharama. Akiambiwa jiwe ni almasi ya rangi, ajibu kwamba atanunua mbele ya ofisa wa soko la madini, baada ya jiwe kupimwa, na kwa risiti. Mwenye almasi ya kweli atakubali, kwa sababu huko ndiko atakakopata bei kubwa kuliko ya mkulima. Mwenye kioo atakuwa na haraka, atakuwa na mgonjwa hospitalini, atakuwa na basi linaloondoka sasa hivi, na atashusha bei kutoka milioni tano hadi laki tatu ndani ya robo saa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na kama jiwe limempendeza mkewe, basi alinunue mezani kwa Sh4,000, alifurahie, na fedha iliyobaki aipeleke dukani kwa wakala wa mbolea kabla mvua hazijaanza.